Asidi ya betri haizibui bloki ya injini

Swali: Fundi, nina taksibisi Toyota Hiace ya zamani, dizeli, injini ya aina ya 2L. Nikipanda kuelekea Kibumba, mshale wa joto unafika kwenye nyekundu. Radiateri imezibuliwa, pompu ya maji ni mpya. Makanika amekuta matope mekundu chini ya termostati (valvu inayofungulia maji njia ya radiateri yakipata moto), anasema njia za maji ndani ya bloki zimeziba. Ameshauri nichanganye asidi ya betri na maji, niwashe injini nusu saa, kisha nitupe termostati. Niweke lita ngapi? (Dereva, Goma)

Jibu: Ndugu dereva, usiweke hata kikombe. Makanika wako ameujua ugonjwa, lakini dawa yake itaua injini.

Asidi hupita palipo wazi, kama maji. Matope ya kutu na chokaa hujikusanya nyuma ya bloki, kuzunguka silinda ya nne, mbali na pompu, ambako maji hutembea polepole. Palipoziba kabisa hakuna kinachopita, kwa hiyo asidi inazunguka kwenye njia zilizo safi. Huko inakula kulasi (kichwa cha injini), ambayo kwenye 2L ni ya aluminiamu, na inatoboa vifuniko vyembamba vya chuma vilivyopigwa ubavuni mwa bloki. Kulasi za 2L zinajulikana kwa kupasuka katikati ya valvu hata bila asidi. Soda ya kuzibulia mabomba ya choo nayo huyeyusha aluminiamu, na Omo hutoa povu linaloifanya pompu izungushe hewa.

Matope yanatolewa kwa mkono. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua bomba la radiateri na pia bolti ya kumwagia maji iliyo ubavuni mwa bloki. Wengi huiacha hiyo ya pili, na maji machafu yanabaki ndani. Ukiifungua na kisitoke kitu, ingiza waya: utakuta tope zito kama udongo wa mfinyanzi. Basi ng'oa vile vifuniko vya ubavuni, kwangua kwa waya uliopindwa, na piga maji ya mpira kupitia nyumba ya termostati mpaka yatoke meupe. Usitumie upepo wa kompresa wenye nguvu zote. Radiateri imetengenezwa kwa shinikizo la kama bar 1 tu, itapasuka. Kisha piga vifuniko vipya.

Chokaa iliyobaki ndiyo inayohitaji asidi, nayo ni ile ya unga wa limau (asidi ya sitriki): gramu 50 kwa lita moja ya maji. Injini ifikie joto la kawaida, iendelee dakika 20, umwage ikishapoa. Suuza, pitisha maji yenye gramu 100 za bikarbonati kwa lita 10, suuza tena mara mbili au tatu. Usilaze unga wa limau ndani usiku kucha.

Termostati irudi. Katika injini nyingi za Toyota ina sahani ya pili inayofunga njia ya mkato maji yakipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita radiateri, na mlimani utachemsha zaidi. Ukiipima kwenye sufuria, kumbuka kwamba hapa Goma maji huchemka karibu digrii 95. Termostati ya digrii 82 huenda isifunguke yote, na bado ni nzima. Kwa sababu hiyohiyo badilisha kifuniko cha radiateri kilicholegea: kile cha bar 0.9 kikishika vizuri, maji yanavumilia mpaka kama digrii 116 bila kuchemka.

Kilicholeta matope ni maji unayojazia. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, magnesiamu hasa, na yakipata moto huacha ganda. Ya mvua nayo, chini ya moshi wa Nyiragongo, huja na uchachu. Nunua maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri na siyo asidi yake, uchanganye nusu kwa nusu na kipozeo cha glikoli. Glikoli ni tamu na ni sumu. Usiimwage watoto wanapochezea.

Tena nawaambia madereva wote: unga wa kuziba mavujo ya radiateri, au pilipili na mayai mnayotia kwa kazi hiyohiyo, vyote hivyo vinaishia nyuma ya silinda ya nne. Akija mtu na chupa ya asidi, mwambie kwanza akuoneshe bolti ya bloki. Asipoijua, funga boneti.