Lanchi ya saa moja inatosha kuchora jengo, acheni visingizio

Juzi kaniandikia mdogo wangu mmoja, "Kaka, nafanya kazi Posta, napenda kuchora majengo kama wewe ila lanchi yetu ni saa moja, nikitoa ya kula inabaki nusu, nitachora nini hapo?" Nimecheka jamani, sio kwa ubaya, maana hiyo nusu saa ndo imezaa karibu michoro yangu yote mnayoisifia.

Watu wanasema jua la saa saba Dar halichoreki, bora jioni. Jioni ipi? Huku karibu na ikweta jua likianza kushuka ndo limeshazama hivyo, umeweka kivuli upande mmoja ukiinua kichwa tayari giza. Mchana kivuli kinadondoka karibu wima na hakihamihami. Nenda pale Azania Front, kanisa ambalo Wajerumani walianza kulijenga 1898, tazama vipaa vya vigae juu ya madirisha ya mnara, kila kimoja kina kivuli chake chini. Mi naanza na vivuli vile kabla hata ya ukuta, madirisha yanajitokeza yenyewe, dakika kumi mnara umesimama. Magari yaliyopaki siyachori, nani kaniomba magari?

Vipimo navyo visikutishe, chukua mlango mmoja uulize jengo lina urefu wa milango mingapi, basi. Old Boma pale Sokoine Drive ni pazuri kuanzia, kuta za matumbawe za enzi za Sultan Majid na mlango wa kuchonga, mistari michache tu. Mlinzi akija msalimie wewe kwanza umwonyeshe daftari kabla hajauliza, na tafadhali usiende kujibanza mkabala na Ikulu halafu useme nimekutuma mimi.

Ila kubwa ni kuchagua kipande, na hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya nyuma ofisi ilinituma Unguja kwenda na kurudi, kazi ikaisha mapema nikakaa Forodhani tiketi ya boti iko mfukoni, mbele yangu Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, varanda juu ya varanda na zile nguzo za chuma nyembamba mpaka unajiuliza zinabebaje. Kulichora lote kwa muda ule? Thubutu! Nikachukua mnara wa saa na varanda za chini yake, nguzo kadhaa tu, nyingine nikaziacha ziishie hewani kwenye karatasi, nikakimbilia bandarini wino hata haujakauka, unyevu wa pwani mnaujua.

Mchoro ule nikaupeleka kwenye maonyesho fulani madogo. Mzee mmoja msomi wa usanifu majengo akasimama mbele ya watu akasema kijana anajitahidi lakini michoro yake kama mtu anayeondoka katikati ya sala. Watu wakacheka, na mimi nikajichekesha, ila usiku sikulala na siwadanganyi mpaka leo nikikumbuka kifua kinabana. Si angeniita pembeni bana?

Desemba 25, 2020 sehemu ya mbele ya jumba ikaporomoka likiwa kwenye ukarabati, mafundi wawili wakafariki, Mungu awarehemu, na mnara wa saa ukaenda nao. Haikupita muda mzee yule yule kanipigia, eti bado unao ule mchoro wa mnara? Ninao mzee, shikamoo, ila haujamalizika. Akataka kopi, nikamtajia bei, na alilipa.

Sasa nyie mnaosubiri likizo, mnaosubiri daftari la bei mbaya kutoka nje, mnasubiri nini hasa? Piteni Kisutu na Mtaa wa India muone, leo nyumba ina roshani na mwaka umeandikwa juu ya mlango, keshokutwa mabati yamezungushwa na kreni imesimama. Hatujali, tunapita tunaangalia simu, halafu likishashushwa ndo tunaposti picha za zamani na vilio. Chagua dirisha moja, chagua kona, chora leo, kesho chora la pembeni yake, na atakayekwambia hujamaliza muulize yeye kachora ngapi.

Yule mdogo wangu wa Posta aliuliza pia penseli au peni. Peni, tena biro ya kawaida ya dukani, penseli inakutia tamaa ya kufuta na kufuta ndo kunakula lanchi yako. Msosi wala usikusumbue, nunua sambusa mbili njiani ila ule ukishamaliza kuchora, karatasi ikishika mafuta biro haiandiki.