Jibu: Mbwa mzee anayejikojolea, je, achomwe sindano ya kumaliza uhai?

Ndugu yangu wa Nkuhungu, umeuliza kama umalize uhai wa mbwa wako mzee kwa sababu anajikojolea usiku na familia imechoka kufua matandiko yake. Kwa maoni yangu, mkojo peke yake hautoshi kuamua. Maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari na ugonjwa wa figo huweza kumfanya mbwa ashindwe kujizuia, na jike aliyefungwa kizazi huweza kulegea misuli ya kibofu, hali ambayo mara nyingi hutulizwa kwa dawa. Kwa hiyo, kwanza mwite daktari wa mifugo ampime mkojo na damu. Usimnyime maji, hasa katika joto la Dodoma la Oktoba na Novemba.

Lakini ikiwa hali chakula, hawezi kusimama, analalia mkojo wake hadi ngozi inachubuka, na dawa za maumivu hazimsaidii tena, kumwacha hivyo ndiko ukatili. Daktari humdunga dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, naye hupoteza fahamu kabla moyo haujasimama. Sumu na rungu (wapo watakaokushauri hivyo) usikubali kabisa. Mzoga uzikwe kwenye shimo refu, kwa kuwa dawa hiyo hubaki mwilini na inaweza kuwadhuru mbwa wengine watakaoufukua.