Mara Mbili kwa Siku Hazimtoshi

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia akitaka kujua kama mtoto wake wa mbwa, Chihuahua (aina ya mbwa wadogo mno) mwenye wiki tisa, anaweza kulishwa asubuhi na jioni tu, kama alivyoelekezwa na aliyemuuzia. Niliposoma ujumbe huo moyo ulinipasuka, kwa kuwa maneno hayo hayo niliambiwa mimi nilipomnunua mbwa wangu wa kwanza, nikayaamini, na nikampoteza.

Alikuwa na gramu 600, akienea katika viganja vyangu viwili. Jioni ya siku ya tatu alicheza mpaka akachoka, akasusa chakula, nami nikajisemea kwamba akiona njaa atakula kesho. Alfajiri nilimkuta amelala ubavu, fizi zimepauka, macho yamekodoka bila kuniona, na kila alipojaribu kuinua kichwa kiliyumba kikaanguka. Nilidhani ni baridi, nikamfunika blanketi nikangoja kupambazuke. Daktari wa mifugo alipompima alikuta sukari ya damu imeshuka mno, na degedege lilikuwa limekwisha kumwanza. Hakuifikia jioni. Miaka imepita, lakini blanketi lile bado sijaweza kulitumia.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichomuua. Ini la mbwa mdogo kiasi hicho huhifadhi sukari kidogo sana, misuli na mafuta yake ni haba, na mwili wake hupoteza joto upesi, hivyo huunguza nguvu nyingi kuliko mbwa mkubwa ukilinganisha na uzito wao. Tumbo nalo haliwezi kubeba mlo mkubwa wa kumfikisha mbali. Saa chache bila chakula, hasa baada ya michezo, baridi au mshtuko wa kuhamia nyumba mpya, zinatosha kumwangusha.

Mbwa wangu wa pili, wa aina nyingine ya mbwa wadogo iitwayo Yorkshire Terrier, ametimiza mwaka mmoja mwezi uliopita akiwa na kilo 2.4, mbavu zake zikipapasika bila kuchomoza, na daktari alimsifu mbele yangu. Nasema hivi kwa fahari, kwa sababu nilifanya kazi. Nilimlisha mara tano kwa siku, mlo wa kwanza mara tu alipoamka na wa mwisho kabla hajalala. Alipotimiza miezi minne nikapunguza hadi milo minne, na baada ya miezi sita ikawa mitatu. Kila asubuhi nilimweka juu ya mizani ya jikoni kabla hajala, nikaandika uzito wake katika daftari, kwani uzito ukisimama siku mbili katika umri ule ni habari ya kumpelekea daktari.

Chakula chenyewe kiwe kile kamili kilichotengenezwa kwa ajili ya mbwa wanaokua, chenye punje ndogo. Mimi nilizilowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikangoja zivimbe, kisha nikaziponda kwa vidole hadi nisihisi kiini kigumu. Usibadilishe ghafla chakula alichozoea. Changanya kile kipya kidogo kidogo kwa muda wa siku saba hivi. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na nyama tupu humnyima kalisi ya mifupa. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwa mbwa yeyote, na kwa mwili wa gramu mia kadhaa kipande kidogo tu ni kingi.

Tafadhali, anayekwambia kwamba mbwa mdogo anadeka akisusa chakula usimsikilize. Kiumbe uliyemchukua kwa mama yake hana mwingine wa kumhesabia saa, na kama kazi yako haikuruhusu kurudi nyumbani mchana wala huna wa kumlisha, basi usimnunue kwa sasa.

Kwako uliyeniandikia: usiku huu mpe mlo mwingine kabla ya kulala, na uweke asali karibu na kitanda chake. Ukimwona analegea, anatetemeka au anapepesuka, mpake kidogo kwenye fizi kwa kidole. Asiyejitambua usimmiminie chochote kinywani, atapaliwa. Akizinduka mpe chakula, kisha mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama ameanza tena kucheza.