Samaki Waje Mwisho: Tangi Langu la Mimea Hapa Mwanza

Juzi usiku nilikuwa nimeshazima taa za sebuleni simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa dada mmoja wa Dodoma anayesoma ninayoandika. "Dada shikamoo. Jumamosi nilinunua tangi, nikatia maji, mimea na samaki 12 siku hiyo hiyo. Leo Alhamisi amebaki mmoja. Maji ni masafi, yanang'aa. Nimekosea wapi?" Chini yake picha. Kweli maji yanang'aa. Samaki mmoja yuko juu kabisa, mdomo ameutoa kwenye uso wa maji, anahema.

Usingizi ulikata. Ile picha naijua, maana niliwahi kukaa mbele yake mimi mwenyewe mwaka 2020, na mwanangu pembeni akiuliza kwa nini samaki wake wamelala ubavu.

Mwaka ule ilifika zamu yangu ya kupokea mchezo wa kupeana pesa. Wenzangu walinunua makochi na friji. Mimi nilikuwa na ndoto ya miaka mingi, na najua wewe unayesoma hapa unayo hiyo hiyo: tangi kubwa sebuleni, majani mabichi yanayocheza ndani ya maji, na samaki wadogo wa aina mbalimbali wakipishana bila kugombana. Wifi yangu alipoona fundi analiingiza alisimama mlangoni akasema, "Mwanza samaki tunawala, huyu anawawekea taa." Watu wakacheka. Sikujibu, lakini lile neno nililimeza na likakaa.

Tangi lenyewe nililitengenezesha kwa fundi vioo kule Nyakato. Urefu sentimita 90, upana 40, kimo 45, yaani lita 162. Alitaka kutumia kioo cha milimita 5, nikakataa, tukaenda na milimita 8. Kwenye hilo sikukosea, nawe usikubali kubembelezwa na bei. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kilo 162 ni maji matupu, hujaweka mchanga wala mawe. Meza ya kawaida haiwezi. Nilimpa fundi wa kuchomea vyuma anitengenezee stendi. Na silikoni, gundi ya kuunganishia vioo, iwe ile tupu. Ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu ni sumu kwa samaki.

Mawe sikununua. Sisi watu wa Mwanza tumezaliwa juu ya mawe, na jiwe letu ni granaiti, halibadilishi maji. Ukiwa mahali pengine na jiwe hulijui, lidondoshee siki. Likitoa povu lina chokaa, litafanya maji yawe magumu, yaani yenye chokaa nyingi, liache.

Sasa kosa. Nilisikia mimea inataka udongo wenye rutuba, nikawaza kama mkulima: nikachukua udongo wa bustanini, nikachanganya na samadi ya ng'ombe, nikaulaza chini, nikafunika kwa mchanga wa mto. Nikapanda mimea michache, nikajaza maji ya bomba, na jioni ile ile nikatia samaki 15. Mwanangu aliwapa majina kabla hawajamaliza kuzunguka tangi.

Siku ya tatu wakaanza kuhema juu ya maji. Nikampigia aliyeniuzia, akaniambia kwa uhakika wote, "Badilisha maji yote, weka mapya." Nikabadilisha yote, kwa maji ya bomba moja kwa moja. Kesho yake asubuhi sikumwamsha mtoto mapema. Niliwatoa mmoja mmoja kwa chujio la chai kabla hajaona, lakini aliamka nikiwa sijamaliza. Miaka imepita na bado yule muuzaji namwona kama mtu aliyeniuzia samaki na kuninyima maarifa. Alijua. Mtu anayefuga samaki mia dukani anajua.

Kilichowaua ni hiki, na ndicho kilichowaua wa dada wa Dodoma. Kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na majani yanayooza hutoa amonia, na ile samadi yangu ilikuwa kiwanda cha amonia. Amonia haina rangi. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na yakaunguza mashavu ya samaki. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio (kile kifaa kinachosafisha maji ya tangi), mchangani na juu ya mawe. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na mimea huila. Bakteria hawa hawauzwi pamoja na kioo. Huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka wakatosha. Tangi jipya halina hata mmoja wa kutegemewa, na klorini ya bomba huwaua hata wale wachache walioanza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia hadi mchoke: samaki waje mwisho. Mimea kwanza, bakteria wafuate, samaki mwisho.

Niliacha tangi tupu miezi mitano. Wifi akapita akalikuta limewekwa vitabu vya shule, akatabasamu tu. Mwaka 2021 nikaanza upya. Udongo wa kawaida usio na mbolea, nikauchekecha, sentimita 3. Juu yake mchanga wa mto uliooshwa hadi maji yakatoka safi, sentimita 4. Safari hii sikupanda majani mawili matatu ya urembo. Nilifunika zaidi ya nusu ya sakafu siku ya kwanza. Nyuma nikapanda valisineria, yale majani marefu kama utepe. Nikaacha mmea uitwao seratofilamu uelee, hauna mizizi lakini unakua haraka na kuinyonya amonia yenyewe kabla ya bakteria kuamka. Anubiasi, mmea wa mito ya misitu ya Afrika Magharibi na Kati, niliufunga kwa uzi juu ya jiwe. Ukifukia lile shina lake nene linaloota kwa kulala, linaoza.

Wiki sita zile sina cha kusimulia. Kila siku nilitia chembe za chakula kidogo ili bakteria wapate kazi, na kila Ijumaa nilipima maji kwa dawa inayobadilika rangi kwenye kichupa. Amonia ilipanda, ikashuka; nitriti ikapanda, ikashuka. Siku vyote viwili viliposoma sifuri mara mbili mfululizo, nililia. Mtu asiyefuga hawezi kuelewa mwanamke mzima kulia mbele ya kichupa cha rangi ya manjano, rangi ya amonia sifuri.

Kuhusu kuchota mimea ziwani, nisikilizeni vizuri, hasa ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa. Valisineria na seratofilamu zipo Ziwa Victoria, ni za bure, na vishawishi navijua. Lakini kwenye majani yale hukaa konokono, na baadhi ya konokono hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Kimelea hakingoji unywe maji, kinapenya ngozi. Unaingiza mkono kwenye tangi la sebuleni kusawazisha mchanga, au mtoto anachezea maji, na umeleta ziwa ndani ya nyumba. Mimi huchukua miche kwa wafugaji wenzangu. Hata hiyo naiosha kwa glavu, jani kwa jani, natoa kila konokono na kila utando wa mayai, kisha naiweka kwenye ndoo peke yake wiki kadhaa.

Mafanikio yakanipa kiburi. Tangi likiwa na miezi minne, neoni wangu kumi, wale samaki wadogo wenye mstari unaong'aa, wakitembea kwa kundi, nikataka kitu cha kwetu. Kijana mmoja wa mwaloni Kirumba, pale samaki wanaposhushwa, aliniletea furu wanne, samaki wadogo wa asili wa Ziwa Victoria, dume mmoja ana wekundu mgongoni usiochosha macho. Usiku wa kwanza walijificha. Wiki ya pili lile dume lilikuwa limechimba kona nzima, valisineria zinaelea, na neoni wamebaki sita. Furu hana kosa. Ni samaki wa kulinda eneo lake, huchimba na kufukuza, na samaki anayeingia mdomoni ni chakula. Kosa lilikuwa langu kumweka mahali pasipo pake. Ukitaka tangi la kuchanganya, chagua wapole wanaolingana ukubwa na wanaotaka maji ya aina moja.

Wengi walinishauri niwarudishe ziwani. Sikuwarudisha, niliwatengenezea tangi lao la mawe, na naomba hapa nisimame kidogo. Usimwage ziwani samaki, mmea wala maji ya tangi lako. Sisi ndio tunaoishi na matokeo. Sangara aliletwa Ziwa Victoria na watu miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu, waliokuwa wa mamia ya aina, walikuwa wameporomoka. Aina nyingi hazijaonekana tena. Magugu maji nayo ni ua la urembo la Amerika Kusini. Waliolipanda bwawani kwao walisema ni zuri. Kila mfugaji anayemwaga ndoo yake mtoni anasema ni ndoo moja tu.

Nimepoteza samaki mara nyingine moja tu tangu hapo. Nilifua sponji ya chujio bombani mpaka ikawa kama mpya, yaani nilifua bakteria wote kwa klorini. Sasa naikamua ndani ya ndoo ya maji niliyotoa tangini, basi. Umeme ukikatika usiku, kumbuka mimea bila mwanga nayo inavuta oksijeni kama samaki. Nilikuwa nachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, kila baada ya muda, hadi nilipopata pampu ndogo ya hewa ya betri.

Matunzo ya kila wiki ni mepesi, ndiyo maana watu huyadharau. Robo ya maji inatoka kwa mpira, robo inaingia, ikiwa imetiwa dawa ya kuondoa klorini. Taa inawaka kwa muda wa saa 7 kwa siku. Nilipoiacha iwake kwa muda wa saa 12 ili wageni waone, mwani ulifunika anubiasi wote. Chakula ni kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Na gapi, samaki wadogo wenye mikia ya rangi, nimeweka madume matupu, maana jike mmoja huzaa kila baada ya wiki nne hivi na muda si mrefu huna tangi, una soko.

Leo kuna neoni 14, koridorasi 6 wanaopekua mchanga, na gapi madume 5. Hita sina, joto la Mwanza linatosha. Wifi yangu akija Jumapili anavuta kiti pale pale mbele ya tangi, na wiki iliyopita aliniuliza kama fundi wa Nyakato bado yupo. Nilimpa namba. Ningesema sikufurahi ningekuwa nimedanganya.

Jamani, tuache haraka. Tunataka tangi la picha kwa siku moja, tukidhani uhai wa kiumbe unanunuliwa ukiwa umekamilika kama televisheni. Samaki amefungiwa ndani ya maji uliyomwandalia wewe, hana mto wa kukimbilia. Kama huwezi kusubiri wiki sita kwa ajili yake, usimtoe dukani. Subiri. Pima. Subiri tena.

Dada wa Dodoma nimemjibu hivi. Yule mmoja aliyebaki ambadilishie robo ya maji kila siku, yaliyoondolewa klorini, ampe chakula kidogo kabisa siku moja ndiyo, siku moja hapana, na asiongeze hata samaki mmoja. Apime ugumu wa maji yake. Yakiwa magumu asahau neoni kwa sasa, gapi na samaki waitwao moli watayapenda. Jana nilikata sponji ya chujio langu katikati, nikatia nusu moja, pamoja na bakteria wake, kwenye kopo na maji yake, nikafunga miche 20 ya valisineria kwa gazeti lililolowa, na leo alfajiri nimempa kondakta wa basi la Dodoma. Nimemwambia asiiweke karibu na injini.