Usiache omeprazole kisa unaenda kwenye kamera ya koo

Dada wa Sakina pale Arusha, uliyeuliza bei ya kamera, meza kwanza hicho kidonge ndo uendelee kusoma. Eti una Barrett, yaani utando wa ndani wa njia ya chakula umebadilika kwa kuchomwa na asidi muda mrefu, unarudi kwenye kamera wiki ijayo, na shemeji yako kakushauri uache omeprazole, hiyo dawa ya kupunguza asidi tumboni, "ili kamera ione ukweli". Mimi mshauri wangu alikuwa muuza duka la dawa hapa Moshi, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, nikamwamini kuliko daktari. Hizo kalamu ndo ziliniponza.

Nikaacha. Kiungulia kikarudi na hasira zake, usiku nasinzia nimekaa, asubuhi natema mate machungu. Na nilikuwa nimelipia ile kamera yenye NBI, ule mwanga wa bluu na kijani unaofanya vimishipa vya damu vionekane vyeusi, daktari anatafuta sehemu mpangilio wake umevurugika. Sasa atatafuta nini wakati koo lote limeungua, wekundu kila mahali, vidonda, vimishipa vimetutumka? Akaniuliza dawa unameza? Nikaangalia dari. Akachukua vinyama vya kupima maabara hivyohivyo, majibu yakaja hayaeleweki, yaani seli zimebadilika ila haijulikani kama ni displasia kweli, yale mabadiliko yanayoweza kuja kuwa saratani, au asidi tu imezichoma. Hapo ndo pesa inauma jamani, meza dawa mara mbili kwa siku miezi kadhaa, halafu kamera yote irudiwe na ulipe upya, na katikati hapo unalala na neno saratani kichwani. Mke wangu akawa ananiangalia nikila mtori kama ananiaga.

Kumbe yule bwana alichanganya madesa! Wanaoambiwa waache wiki mbili ni wanaopimwa H. pylori, wale bakteria wa tumboni, maana dawa inawaficha. Wewe unafuatilia Barrett, koo linatakiwa liwe limetulia. Mashine iwe ya kisasa vipi, bado daktari atachukua vinyama pande nne kila sentimita 2, na mtu wa maabara akiletewa seli zilizoungua atabaki anabahatisha. Mwanga wa bluu hauzimi moto, dada.

Ya bei na wapi Arusha wana NBI watakujibu wengine, mi bado nina hasira na yule mtu, duka lake napita ng'ambo ya barabara mpaka leo. Mpigie daktari wako leo hii, kama kuna dawa ya kuacha aitaje yeye mwenyewe, siyo shemeji.