Bibi anasahau: picha endeleeni kumwonyesha, ila "huyu nani?" acheni

Mleta mada, umesema bibi yenu huko Lindi ameanza kupoteza kumbukumbu. Mkimwonyesha picha za familia kwenye simu na kumuuliza "huyu nani?", ananuna na kugeukia ukutani, na sasa unauliza kama muache kabisa. Msiache. Kinachomuumiza ni hilo swali. Nimemuuguza bibi mzaa mama hapa Mtwara mpaka Mungu alipomchukua, na picha ndizo zilizotuwezesha kuzungumza naye hata alipokuwa halijui tena jina langu.

"Huyu nani?" ni mtihani, na mwenyewe anajua anafeli. Mtu mzima aliyelea ukoo, aulizwe na wajukuu jina la mwanawe wa kumzaa, alikose mbele ya watu! Hiyo ni fedheha, lazima anune. Jina mtaje ninyi kwanza: "Bibi, huyu mjomba, siku ya Idd, kavaa kanzu uliyomnunulia." Kisha nyamazeni, mpeni muda mrefu kuliko mnavyodhani unatosha. Akisema huyo si mjomba, ni kaka yake yeye bibi, basi awe kaka yake, muulizeni huyo kaka alikuwa mtu wa namna gani. Mtasikia habari ambazo hakuna mwingine nyumbani anazijua.

La pili ni picha gani. Harusi ya mwaka juzi, watoto wa Dar, hizo ndizo ngumu kwake. Kwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kama Alzheimer, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya huathirika mapema, kwa hiyo ya juzi hayashiki, ila ya ujanani huweza kubaki muda mrefu. Hata wazee wasio na ugonjwa wowote hukumbuka zaidi mambo ya umri wa miaka 10 hadi 30 hivi. Pigeni hesabu: kama bibi kazaliwa 1942, tafuteni ya 1952 hadi 1972.

Najua mtasema familia yetu haina picha za miaka hiyo. Kwetu kusini wengi hatuna. Bibi yangu alikuwa na ya studio moja na nyingine mbili tatu zilizoliwa na unyevu. Tukaongeza picha za kazi na za mahali. Alipokuwa na nguvu alifanya kazi ya kubangua korosho, basi nikampiga picha jirani anayebangua uani kwake, nikaichapisha kubwa. Bibi aliitazama, mara mikono ikaanza yenyewe: anashika, anagonga, anatoa kiini kizima bila kukivunja. Akanikemea nipake majivu mikononi, yale mafuta ya ganda yasije yakanibabua. Alikuwa hajasema sentensi iliyokamilika kwa siku kadhaa.

Nyingine ilikuwa ya mjomba kando ya basi pale Ndundu, kwenye foleni ya kivuko cha Rufiji, kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Huo si ujana wa bibi, alikuwa mtu mzima tayari. Lakini safari ya Dar enzi zile, matope na kulala njiani, nani ataisahau? Tukio lililomgusa mtu sana huwa halitoki kirahisi.

Jiandaeni pia kwa lugha. Bibi yangu alizaliwa Newala, na kadiri ugonjwa ulivyosonga Kiswahili kilipungua, akabaki na Kimakonde. Picha ya wasichana wenye mitungi ilimrudisha kwenye kushuka mabondeni kuchota maji, maana kule juu uwandani maji yalikuwa ya shida, na habari yote aliitoa kwa Kimakonde. Bila mama kukaa pale na kunitafsiria ningeambulia patupu. Kama bibi yenu ni Mmwera au Mmakonde, mtafuteni anayeijua lugha yake akae naye. Na akianza nyimbo za unyago, wanaume watoke. Mjomba alikuwa anatoka bila kuambiwa.

Sasa lile gumu kuliko yote: marehemu. Ataona picha ya mumewe aulize, "Huyu mbona hajarudi? Amekula?" Ndugu mwingine atakimbilia kusema, "Bibi, babu si alishafariki!" Kwake hiyo ni taarifa ya msiba, mpya kabisa, na ataipokea upya kila mara mtakapoisema. Nimeona kilio cha bibi yangu, sitaki mkione kwa wenu. Mimi sikumwambia anakuja, maana huo ni uongo. Nilisema, "Umemkumbuka babu, eeh? Alikuwa anapenda mboga gani?" Akaingia kwenye kisamvu na samaki, moyo ukatulia. Akiuliza kwa utulivu na anataka kweli kujua, mwambieni kwa upole, mmeshikana mikono. Picha inayomliza kila akiiona, iwekeni kando.

Mengine ni ya kawaida. Simu ni ndogo, inang'aa na kujizima, chapisheni. Picha moja kwa wakati, miwani ikiwepo mvalisheni, na kama macho yana ukungu apimwe mtoto wa jicho. Asubuhi baada ya uji ndiyo saa nzuri, jioni wengi huchanganyikiwa zaidi. Akichoka, fungeni.

Na kama kusahau kumekuja ghafla, ndani ya siku chache, nendeni hospitali kwanza. Malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, hata dawa anazomeza, vyote vinaweza kumvuruga mzee, na vinatibika. Atakayeanza kunong'ona habari za uchawi msimpe nafasi nyumbani kwenu. Huyo ni mgonjwa, anahitaji watu.

Ile picha uliyosema, bibi na wenzake shambani, imepasuka kona: msiibandike selotepu wala gundi. Ipelekeni karibu na dirisha mchana, mwanga usiipige moja kwa moja, ipigeni kwa simu bila flashi, mkaichapishe ukubwa wa karatasi ya daftari. Halisi ifichwe pakavu, nakala ndiyo ashike yeye. Mimi ningeanza na hiyo.