Jibu: Wifi mjamzito na dawa za kifafa

Waalaikumu salaam dada. Umeuliza kama wifi yako huko Faza, mwenye mimba ya miezi miwili, atupe dawa za kifafa. Asizitupe! Akiacha ghafla anaweza kuanguka, hata kufa yeye na mtoto.

Kwanza soma jina kwenye pakiti. Mke wangu alikuwa akimeza valproeti, na hiyo ndiyo ya kuogopa: takriban watoto 10 kati ya 100 huzaliwa na kasoro, mgongo wazi ikiwemo. Kama ni hiyo, pandeni boti kesho mwende hospitali ya King Fahd, Lamu, na pakiti mkononi, mwulizie dawa nyingine za kifafa badala yake, lamotrijini au levetirasetamu, na vitamini ya foliki asidi. Mke wangu alibadilishiwa kabla ya mimba, wifi tayari anayo, kwa hiyo dozi mwachieni daktari. Altrasaundi ya wiki 18 hadi 20 msiikose. Kombe (maji ya aya za Kurani) anywe akitaka, vidonge viendelee.